Mjane, Kadhi na Shamba la Ukoo

Mifano ya Yesu tunaisikia tangu shule ya Jumapili, na kwa sababu hiyo tunaijua kabla hatujaisoma. Ukitaja mjane na kadhi dhalimu wa Luka 18, kila Msharika atakujibu mara moja: tuombe bila kukata tamaa. Jibu hilo ni sahihi. Luka mwenyewe analiweka katika aya ya kwanza, hata kabla hadithi haijaanza. Lakini tukiisoma hadithi yenyewe, aya ya 2 hadi ya 5, hatuoni mtu aliyepiga magoti. Tunaona mji, kadhi, mjane na kesi.

Shida yetu huenda inaanzia kwenye neno. Kwa Kiswahili mfano ni kitu kinachofanana na kingine, lakini pia ni kielelezo cha kuigwa, na masikio yetu hukimbilia maana hii ya pili. Tunasikiliza mfano tukitafuta nani wa kumwiga. Neno la Kigiriki, parabole, lina maana ya kuweka kitu kando ya kitu, na lile la Kiebrania, mashali, linabeba pamoja methali na fumbo. Wahenga wetu walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu ataling'amua. Kwa Yesu mambo yamegeuka kidogo: katika Mathayo 13 wenye macho ndio wasioona, na wanaopewa kuelewa ni wale waliobaki nyuma kumwuliza maswali.

Kanisa limejaribu njia nyingi. Augustino alimsoma Msamaria mwema kwa kufumbua kila kitu: nyumba ya wageni ikawa Kanisa, na mwenye nyumba akawa Paulo. Mwishoni mwa karne ya 19 Mjerumani Adolf Jülicher alisema la, kila mfano una jambo moja tu. Tunawashukuru wote wawili. Ila kwa mfano huu wa mjane, njia ya Augustino inatuingiza matatani, kwa maana kama kila mtu katika hadithi ni alama ya mwingine, basi kadhi asiyemcha Mungu atakuwa alama ya Mungu! Na njia ya Jülicher inatuacha na lile jibu tulilokuwa nalo shule ya Jumapili. Tunaona ipo njia nyingine, nayo ni kuukalia mfano, kuuliza mjane huyu alikuwa anataka nini.

Luka hasemi kesi ilihusu nini. Lakini msikilizaji aliyeijua Torati alikuwa na la kukisia. Kutoka 22, Kumbukumbu la Torati 24 na 27, zote zinakataza kumwonea mjane, na sheria haikatazi jambo lisilotendeka. Kisha sura mbili tu baada ya mfano huu, katika Luka 20, Yesu anawaonya wanafunzi juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane na kwa unafiki kusali sala ndefu. Angalia vitu hivyo viwili vilivyowekwa pamoja: sala, na nyumba ya mjane. Katika sura ya 18 mjane ni mfano wa waombaji. Katika sura ya 20 waombaji ndio wanaomla mjane. Sisi tunaamini Luka hakuviweka karibu hivyo kwa bahati.

Neno jingine la kuangaliwa ni lile la kadhi anapoogopa kuchoshwa. Katika Kigiriki ni neno la mabondia, kumpiga mtu chini ya jicho, na Paulo analitumia katika 1 Wakorintho 9 anaposema juu ya kuutesa mwili wake. Mzee huyu wa baraza anaogopa kutoka na jicho jeusi! Waliomsikiliza Yesu bila shaka walicheka. Mjane asiye na mume, asiye na hongo, asiye na wakili, ana miguu yake tu, na kila asubuhi miguu hiyo inamleta mlangoni.

Sisi wa Mlima Meru tuna sababu ya kumwelewa. Mnamo Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianza kuwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Engare Nanyuki, kaskazini mashariki mwa mlima, ili ardhi yao iwe ya walowezi wa Kizungu. Nyumba zilichomwa, na watu wakaambiwa waende King'ori. Wameru walikuwa wameshakataa na kupinga kwa maneno. Sasa wakapeleka kesi yao mbali. Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, basi mwaka 1952 Kirilo Japhet, Mmeru, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, wakaenda New York. Kirilo anatajwa kuwa Mtanganyika wa kwanza kusema mbele ya chombo cha Umoja wa Mataifa. Alisema mbele ya Baraza la Udhamini, na baadaye mwaka huo shauri likafika Mkutano Mkuu, ambako azimio la kuwarudishia Wameru ardhi yao halikupata theluthi mbili za kura.

Kwa hiyo kadhi yule wa New York hakutoa haki siku ile. Hata hivyo kesi hiyo ilisikika Tanganyika nzima, na walioidai uhuru miaka michache baadaye walijua kwamba mlango ule unaweza kugongwa. Tunaposimulia habari hii tunajiweka mahali pa mjane, na ni haki yetu. Wazee wetu walikuwa mjane.

Ugumu unaanza hapa. Mfano una viti viwili, na aliyekalia kimoja jana anaweza kukalia kingine leo.

Wajane wawili wa Mkoa wa Shinyanga, waliofukuzwa na ndugu wa waume zao katika nyumba walizoishi, walikwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za mila zilizotangazwa na serikali mwaka 1963. Kanuni hizo zinasema mjane hana fungu katika urithi wa mumewe kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2006 Mahakama ilikubali kwamba kanuni zina ubaguzi, lakini ikasema mila haziwezi kubadilishwa kwa tamko la mahakama. Wakakata rufaa. Mwaka 2010 rufaa ikatupwa kwa sababu ya kasoro ya tarehe katika karatasi za Mahakama Kuu. Wakaenda tena, safari hii kwenye Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo mwaka 2015 ikasema walinyimwa haki. Waliipita njia ile ile aliyoipita Kirilo. Tofauti ni kwamba aliyewatoa nyumbani hakuwa mlowezi. Alikuwa shemeji.

Tusiseme ni mambo ya Shinyanga. Huku kwetu Poli, Akheri, Nkoaranga na Singisi, shamba la migomba na kahawa ni dogo, watoto ni wengi, na mlima hauongezeki. Wazee wa ukoo wana hofu ambayo tusiidharau: kwamba mjane akiolewa kwingine, au akiuza, kaburi la babu litakuwa ndani ya uzio wa mtu asiyejulikana. Mila ilitaka ardhi ibaki na jina. Pia mila hiyo hiyo ilimtaka mwanaukoo amlinde mjane, ahakikishe anakula na watoto wanasoma. Swali la kimaadili ni hili: sehemu ya kwanza ya mila ikidaiwa kwa nguvu na ile ya pili ikisahauliwa, kilichobaki ni mila bado? Sisi tunaona hapana. Ni ulaji wa nyumba ya mjane uliovaa vazi la babu. Na sheria ya nchi inakubaliana na Torati hapa, maana Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi ni batili.

Kwa sababu hiyo hatuwezi kumwambia mjane wa usharika wetu, mama, endelea kuomba, halafu tukaishia hapo. Yeye anaomba tayari. Ameomba kuliko sisi. Mfano unawageukia wale ambao mlango wao unagongwa: mwenyekiti wa ukoo, mjumbe wa baraza la kata, shemeji mwenye funguo, mara nyingi wote ni watu wa sadaka na kwaya. Na jambo la ajabu ni kwamba Yesu hasemi kadhi alitubu. Alitoa haki ili apate kupumzika, na mjane akaenda nyumbani na haki yake. Tungependa moyo wa kadhi ubadilike kwanza, lakini mjane mwenye watoto hawezi kuusubiri.

Aya ya 8 inaishia na swali: Mwana wa Adamu atakapokuja, ataiona imani duniani? Katika vijiji vyetu, siku ya kuanua matanga, mchungaji huomba, watu husema Amina, halafu wageni huondoka na ukoo hubaki kwa kikao. Viti hupangwa upya chini ya mwembe. Mjane huambiwa akaangalie chai. Mzee wa kanisa, ambaye pia ni mzee wa ukoo, ameweka Biblia yake kando ya kiti, na ndiye anayefungua kikao.