Kuku Afungwe au Aachwe?

Mwezi mmoja tu ulitosha kututia katika mabishano nyumbani kwetu hapa Katonga. Mtetea wetu mdogo, mwenye madoadoa kama kanga, aliangua vifaranga kumi na mmoja. Mwezi ulipokwisha walibaki wanne. Watano walichukuliwa na mwewe mchana kweupe, mmoja na paka, na mmoja hatukujua alikoishia. Ndipo tukajiuliza: je, ni haki kumwacha kiumbe mdogo hivi atembee, hali twajua ya kwamba yuko amngojaye?

Wenyeji wa pwani hii hawana haja ya kuelezwa habari za mwewe. Mitumbwi irudipo asubuhi na dagaa wakaanikwa, mwewe huja kwa ajili ya dagaa, na kuku nao huja kwa dagaa wale wale. Mahali penye chakula chema ndipo penye hatari.

Shauri la kwanza tulilopewa lilikuwa la wazee: mfungeni mama kamba mguuni, na watoto hawatakwenda mbali. Tukamfunga chini ya mwembe. Siku ya tatu mwewe alishuka. Mtetea aliruka kumkabili, kamba ikamvuta akaanguka kifudifudi, na kifaranga akachukuliwa hatua moja tu kupita mwisho wa kamba. Tuliokuwapo hatukusema neno. Jioni ile tuliikata kamba.

Tangu hapo tumeona ya kwamba kuna ulinzi unaomnyang'anya mlinzi wa kweli silaha zake. Kuku hawa wadogo hawakuachwa mikono mitupu. Ni wepesi, huruka hadi juu ya paa. Wenye rangi ya udongo hawaonekani upesi kama weupe. Jogoo naye, amwonapo mwewe angani, hutoa sauti isiyo ile aitoayo kwa paka aliye chini, na wenzake huelewa, wakakimbilia vichakani au wakainua shingo kutazama. Mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, lakini akiwa kizuizini atachakura wapi? Ulaya walifuga kuku wa mayai kwa miaka mingi katika vizimba vidogo vya waya, salama kabisa na mwewe. Hata hivyo tangu 1 Januari 2012 Umoja wa Ulaya umevipiga marufuku vizimba vya namna ile, maana watu waliona ya kuwa uzima peke yake hautoshi kuitwa maisha.

Lakini tusijisifu upesi. Tukipima mioyo yetu, je, kuku twamwachia kwa kumpenda, au kwa sababu pumba ni ghali? Anayezurura hujitafutia mchwa na panzi, nasi hatutoi senti. Hilo si dhambi. Ndilo linalomwezesha hata mjane asiye na kitu kuwa na kuku wa kuuza mtoto anapohitaji daftari. Ila uhuru ambao sisi twapata faida yake, na kifaranga ndiye anayeulipia kwa roho yake, tusiuite zawadi.

Tena kuna jambo la aibu zaidi. Mwewe huchukua mmoja mmoja, bali kideri hufagia kijiji kizima. Chanjo yake ni tone moja jichoni, hurudiwa kila baada ya miezi mitatu, na ipo isiyoharibika upesi kwa joto kama nyingine. Miaka mingi tumemrushia mwewe mawe na kumlaani, na tone lile hatukulitia. Mwewe ana watoto wa kulisha. Sisi tulikuwa na udhuru gani?

Wako pia wanaomzuia mtoto nyumbani asiende shule ili alinde vifaranga. Hilo twalikataa kabisa, hata kama kuku wote wataliwa.

Basi kwetu tumekata shauri hivi. Usiku wote hulala bandani, mlango umefungwa, kwa kuwa gizani kuku haoni na kicheche aona. Kumwacha nje saa hizo si kumpa uhuru, ni kumtupa. Vifaranga hukaa chini ya tenga majuma yao ya kwanza, na maji na chenga za mahindi, hata waote manyoya ya mabawa. Baada ya hapo, kila asubuhi twawafungulia. Wengine wataliwa, nasi twajua. Mwenzetu mmoja hapa nyumbani bado hakubali. Asema ajuaye hatari na akafungua mlango ana sehemu katika kifo kile. Hatujapata jibu la kumnyamazisha, wala hatuna hakika kwamba yafaa anyamazishwe.

Mtetea yule ameangua tena, vifaranga tisa. Tunapoandika haya wangali chini ya tenga, naye mama yu nje akilizunguka, mara akitazama chini, mara akitazama juu. Jumatatu tutalifunua.