Nathani Yu Wapi?



Usiku wa 23 Januari 1941, katika klabu ya Muthaiga, Nairobi, Sir Jock Delves Broughton aliinua glasi kuwatakia heri mkewe Diana na hawara wake, Lord Erroll. Kabla ya mapambazuko Erroll alikutwa ameuawa kwa risasi ndani ya gari lake. Broughton alishtakiwa, akaachiliwa. Mwaka 1942 alijiua Liverpool. Hakuna aliyepatikana na hatia.

Daudi alipomtendea Uria uovu, Nathani alimwendea akamwonya. Sisi je? Mume yuko machimboni Geita, nyumba yake inaharibika, nasi twanong'ona kisimani tu. Tumwendee ndugu faraghani, kwa upole, damu isije ikamwagika. Bwana atusaidie. Amina.