Mlango Uliofungwa kwa Ajili ya Mwizi

Kuna swali linanisumbua kila ninaposoma habari za mabinti wahamiaji walioshona nguo New York mwanzoni mwa karne ya 20: je, kumshuku mtu ni dhambi, hata kama hujamgusa?

Tarehe 25 Machi 1911 moto uliwaka katika kiwanda cha blauzi cha Triangle. Walikufa watu 146, wengi wao mabinti wa Kiyahudi na Kiitaliano. Kwenye ghorofa ya 9 mlango mmoja ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Kisa? Jioni wote watokee upande mmoja, mikoba ikaguliwe, eti wasije wakaiba. Isaac Harris, mmoja wa wenye kiwanda, alikiri mahakamani kwamba thamani ya vitu vilivyowahi kuibwa haikuzidi dola 25.

Desemba mwaka huohuo, Harris na mwenzake Max Blanck waliachiwa huru. Ilibidi ithibitishwe kwamba walijua mlango umefungwa saa ileile ya moto. Kisheria naelewa. Kimaadili, hapana. Ukishaweka utaratibu wa kuwafungia watu, huwezi kujificha nyuma ya dakika moja usiyoijua.

Utasema ndiyo matajiri hao, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapo methali inagoma. Blanck na Harris nao walikuwa Wayahudi wahamiaji, na kazi ya nguo waliianzia chini. Njaa waliijua. Basi kuonja mateso peke yake hakumfundishi mtu huruma. Pengine kunamfundisha tu kuogopa kurudi alikotoka.

Lakini woga huo si lazima ushinde. Clara Lemlich, binti mshonaji aliyezaliwa Ukraine, alisimama ukumbini Cooper Union Novemba 1909, akadai kwa Kiyidi mgomo upigiwe kura. Washonaji wapatao 20,000 wakaweka kazi chini. Kazi ileile, ugeni uleule, ila yeye alichagua wenzake.

Jibu langu ni hili: shaka ya moyoni kila mtu anayo, na sidhani ni dhambi. Inakuwa dhambi pale mwenye shaka ndiye pia mwenye ufunguo, na gharama ya shaka yake inalipwa na wengine.

Mwaka 1913 Blanck alikamatwa kwa kufunga mlango wa kiwanda kingine wakati wa kazi. Faini: dola 20.