Mwanamke Mganga na Amana ya Uongozi



Je, Uislamu wamruhusu binti kusomea udaktari, na akiisha kuhitimu, wamruhusu kuwa mkubwa wa hospitali, akiwaagiza wanaume? Swali hili huletwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni yule aliyeingia katika Ahmadiyya, yaani Uislamu wa kweli, hivi karibuni, au bado yu mlangoni akichunguza. Amezaliwa katika nyumba ya Kikristo huko Kamachumu au Nshamba, naye ana binti mwepesi wa hesabu na elimu ya viumbe. Aogopa kwamba akitamka kalima atakuwa amemfungia binti huyo mlango. Wa pili ni Mwislamu wa kuzaliwa, ambaye hujibu "haifai" kabla hajakifungua Kitabu. Wote wawili wametazama mila za watu wakadhani ndiyo dini.

Natuanze na msikiti wa Madina. Katika vita vya Handaki, mwaka wa 5 wa Hijra, Hazrat Saad bin Muadh r.a., mkuu wa kabila la Aus, alipigwa mshale mkononi na damu ikamtoka kwa wingi. Mtukufu Mtume s.a.w. aliagiza apelekwe katika hema la Rufaida r.a., bibi wa kabila la Aslam aliyekuwa akiwatibu majeruhi, na hema hilo lilikuwa ndani ya eneo la msikiti. Mtume s.a.w. alikuwa akipita asubuhi na jioni kumjulia hali. Hebu ndugu msomaji ufikiri: mkuu wa kabila zima amelazwa chini ya uangalizi wa mwanamke, msikitini, kwa amri ya Mtume mwenyewe. Wala hema lile halikuitwa hema la mume wa Rufaida, wala la kaka yake. Liliitwa kwa jina lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyelisimamia.

Wala hakuwa peke yake. Ummu Atiyya r.a. alifuatana na Mtume s.a.w. katika vita saba, akipika na kuwauguza wagonjwa. Rubayyi binti Muawwidh r.a. naye alisimulia jinsi wanawake walivyowanywesha maji wapiganaji na kuwarudisha majeruhi Madina.

Hapo mpinzani huleta ile hadithi inayohusu watu waliomkabidhi mwanamke utawala wao. Lakini hadithi hiyo ina mahali pake. Mtume s.a.w. aliisema alipoletewa habari kwamba Waajemi wamemtawaza binti wa Kisra. Ilikuwa habari ya ufalme ule, na kweli ufalme ule ulivunjika upesi, mwingi wake katika siku za Hazrat Umar r.a. Ingekuwa ni hukumu juu ya kila kazi ya kila mwanamke, Qurani Tukufu isingalimtaja malkia wa Saba kwa namna ile katika Sura An-Naml, akishauriana na wakuu wake na kuona mbali kuliko wao. Na kuhusu aya ya usimamizi wa wanaume, aya yenyewe yataja mali wanazotumia kwa ajili ya wake zao. Ni habari ya nyumba na chakula, si ya wodi. Katika mambo ya amana, Sura An-Nisaa yatuamrisha tuwape wanaostahiki, nayo haikuuliza kama mstahiki ni mume au mke.

Sasa na tuje kwetu. Sheria ina faradhi ambayo wakiitimiza baadhi, wengine wamesamehewa. Na wasipoitimiza hata mmoja, mji mzima una dhambi. Mfano wake ni kumswalia maiti. Kupata tabibu wa kike kwa ajili ya wanawake ni katika faradhi za namna hiyo. Fikiri mume wa kisiwa cha Bumbire au Goziba, amvushaye mkewe ziwa usiku, uchungu umemshika. Afikapo mwaloni hudai mkewe apokewe na mwanamke. Haya yake ni njema, na ni ya Kiislamu. Lakini binti yake mwenyewe alimwachisha shule akiwa kidato cha pili! Huyo daktari wa kike amtazamiaye atoke wapi? Atoke kwa jirani? (Na asipokuwapo mwanamke, daktari mwanamume na amtibu, kumwacha mama afe kwa kisingizio cha stara ni dhambi iliyo wazi.)

Tuseme kweli pia: hospitali za Rubya na Kagondo zilianzishwa na Wakatoliki, na ile ya Ndolage na Walutheri. Wazazi wetu Waislamu walitibiwa humo. Tuwashukuru, kisha tujiulize sisi tumemtoa nani.

Mkoa huu wa Kagera wajua thamani ya tabibu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waliotambuliwa nchini, mwaka 1983, walikuwa wa hapa. Tena tarehe 21 Machi 2023 Serikali ilitangaza kwamba homa iliyokuwa ikiua watu katika Wilaya ya Bukoba ni Marburg. Wakati ule Mganga Mkuu wa Serikali alikuwa mwanamke, Profesa Tumaini Nagu, na Waziri wa Afya alikuwa mwanamke, Bi Ummy Mwalimu. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, mmoja wao mhudumu wa afya. Tarehe 2 Juni ikatangazwa kwamba maradhi yamekwisha. Je, yuko aliyekataa kupimwa kwa sababu maagizo yalitoka kwa mwanamke?

Na uongozi si cheo cha kujipamba. Mkubwa ndiye aamuaye fedha ziende wapi na nini kitangulie. Profesa Esther Mwaikambo, atajwaye kuwa mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata udaktari, aliwaunganisha wenzake mwaka 1987 katika chama cha madaktari wanawake, MEWATA. Chama hicho kikaenda mikoani kuwapima wanawake saratani ya matiti. Maradhi hayo yalikuwapo siku zote; walipatikana watu wa kuyatanguliza.

Katika Jumuiya yetu, Hazrat Khalifatul Masih II r.a. aliunda Lajna Imaillah mwaka 1922, ili wanawake waongoze mambo yao wenyewe na kujielimisha. Basi baba wa Muleba asingoje fatwa nyingine. Binti akichaguliwa kuendelea na Fizikia, Kemia na Biolojia kidato cha tano, posa na isubiri. Barua ya shule ndiyo ijibiwe kwanza.