Ushuru wa Nafaka Ukiondolewa, Haki ni ya Nani?

Ndugu zetu wasomaji, sisi watu wa Mombasa tu watu wa wali. Mchele ulio mwingi tunaoupika Mji wa Kale hauoti katika ardhi yetu, bali hushuka Kilindini kutoka Pakistani na nchi nyengine za ng'ambo. Kwa hiyo khabari ya ushuru wa nafaka si ya wakubwa peke yao. Ni khabari ya vyungu vyetu.

Mwezi wa Julai mwaka 2025, Serikali ya Kenya ilitangaza kuwa tani 500,000 za mchele ziingie nchini bila ya ushuru wa forodha mpaka mwisho wa mwaka ule. Wakulima wa mpunga wa Mwea walilalamika, na Mahakama Kuu ya Kerugoya ikasimamisha tangazo lile kwa muda, kisha ikaruhusu sehemu yake tu. Mnunuzi akasema, "Mimi nataka chakula rahisi." Mkulima akasema, "Na mimi nimelima." Twauliza: katika hawa wawili, mwenye haki ni nani?

Kwanza tufahamu kwamba kupunguza ushuru wa chakula si jambo geni wala la kulaumiwa. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.) alikuwa akiwatoza wafanyabiashara wa Kinabati sehemu moja katika ishirini kwa ngano na mafuta ya zeituni, ili vitu hivyo vije kwa wingi Madina. Lakini kwa kunde na nafaka za jinsi hiyo aliwatoza sehemu moja katika kumi. Hakuondoa kwa wote, wala hakuondoa kwa kumpendeza tajiri. Aliangalia haja ya mji, akapunguza palipokuwa na haja.

Basi hapa ndipo penye mzizi wa maneno. Ushuru ni mali ya hazina ya watu wote. Serikali inapousamehe haiupotezi baharini, bali huutoa kwa makusudi umfikie mlaji. Tuchukue mfano. Kwa miaka mingi mchele umetozwa Kenya asilimia 35, ingawa kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki ni asilimia 75. Mchele wa shilingi 100 ukisamehewa ushuru, shilingi 35 zimeachwa. Ikiwa bei dukani imeshuka shilingi 5 tu, hizo 30 zimekwenda wapi? Ikiwa zimebaki mkononi mwa mwagizaji, basi yule mjane aliyekusudiwa kusaidiwa amenyang'anywa mara mbili: hazina yake imepungua, na chungu chake hakikuongezeka.

Huenda mfanyabiashara akajibu, "Mtume (s.a.w.) alipoombwa aweke bei alikataa." Kweli, alikataa, kwa kuchelea asimdhulumu muuzaji katika mali yake. Lakini msamaha wa ushuru si mali ya muuzaji; ni amana aliyopewa aifikishe. Na mwenye kuufungia mchele ghalani akingoja dhiki izidi, huyo amefanya ihtikari, nayo imeharimishwa. Tulikwisha kuona mwaka 2017, mahindi yalipoletwa bila ya ushuru na Serikali ikatoa fedha ili pakiti ya kilo mbili za unga iuzwe shilingi 90, kutoka zaidi ya shilingi 150. Bei ilikuwa nzuri, lakini mara nyingi watu waliufuata unga ule madukani wasiupate.

Sasa tumgeukie mkulima. Ni wepesi sisi wa mjini kusema kuwa Mwea ni mbali. Lakini tukumbuke ya kwetu. Katika karne ya 19 Malindi ilikuwa ikipeleka mtama kwa majahazi mpaka bara Arabu, na waliokula kule walikipata chakula bila ya kumuona aliyekilima. Aliyekilima alikuwa mtumwa. Hatusemi kuwa mkulima wa leo ni mtumwa. Twasema kwamba urahisi wa bei hautoshi kuwa dalili ya uadilifu, mpaka ijulikane ni nani aliyelipa kilichopungua. Mchele wa ng'ambo ukiingia wakati wa njaa ni rehema. Ukiingia wakati mpunga wa mkulima ungali ghalani haujapata mnunuzi, shibe yetu imetoka katika deni lake.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili. Mnunuzi ana haki ya kupata chakula, na mkulima ana haki ya jasho lake, na haki hizi mbili hazigombani ila anapoingia kati yao mwenye kula za wote wawili. Yaipasa Serikali isamehe kwa kipimo cha upungufu na kwa muda wake, na iwatangazie watu ni nani aliyepewa msamaha na kwa bei gani auze.

Na sisi je? Wafanyabiashara wengi wa nafaka ni ndugu zetu, twasali nao safu moja. Ni vizito kuwaambia maneno haya, lakini kunyamaza ni vizito zaidi. Atakayepata msamaha wa ushuru na aupime kwa mizani ile ile anayopimia mchele, na sisi wanunuzi tumuulize bila ya haya, kwani alichosamehewa ni chetu.

Wabillahi tawfiq.