Uzi wa Meatu

Tarehe 1 Agosti ni sikukuu ya taifa la Uswisi. Waswisi wanakumbuka ahadi ya mwaka 1291, ahadi ya majirani wa milimani kusaidiana. Siku kama hii balozi huzungumzia urafiki wa nchi na nchi. Sisi wa Simiyu urafiki huo tunaushika kwa vidole.

Chukua pamba. Vuta unyuzi mmoja, unakatika. Sokota nyingi pamoja, vuta tena. Uzi umeshika.

Pale Meatu, mwaka 1994, wakulima wetu walianza kulima pamba ya kilimo hai pamoja na kampuni ya Uswisi, Remei. Samadi ya ng'ombe shambani, bila dawa za viwandani. Mnunuzi hamwoni mkulima akipalilia. Mkulima hamwoni atakayeivaa nguo. Lakini wanaaminiana, msimu hadi msimu. Kwangu mimi, huo ndio ubalozi wenyewe.

Ndugu yangu, ukipeleka pamba kwenye chama cha ushirika, AMCOS, usitie maji, usitie mchanga. Nawe unayeshika mizani, pima sawasawa. Yupo mtu mbali sana anayekuamini. Kazi njema.