Je, Aliyepita Kipimo Hana Hatia?

Kijana mmoja alitujia na swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo, nasi tumeona vema kuliweka mbele ya wasomaji wetu. Alikuwa amesikia habari za motakaa za mashindano ziitwazo Formula 1, jinsi mafundi wake wanavyolaumiana kwa ajili ya mabawa yapindayo. Akatuuliza, "Mwalimu, ikiwa msimamizi amelipima bawa akasema ni halali, kosa la fundi li wapi?"

Kwanza tueleze bawa hilo ni kitu gani. Bawa la ndege huiinua ndege. Bawa la motakaa hizo limegeuzwa juu chini, hata upepo huikandamiza motakaa njiani isiteleze ikatapo kona kwa mbio. Walakini faida hiyo ina gharama yake. Penye njia iliyonyoka bawa lilo hilo huzuia upepo na kupunguza mwendo. Basi fundi hutamani bawa lisimamalo penye kona na kulala penye mnyoosho. Kwa miaka mingi sheria ilimkataza kuligeuza bawa la mbele namna hiyo. Lakini akilisuka kwa nyuzi za kaboni kwa ustadi, upepo wenyewe utalilaza mwendo uzidipo, na mwendo ukipungua litarudi mahali pake, wala dereva hajagusa kitu.

Katazo hilo halikutungwa bure. Mwaka 1969, katika mashindano ya Hispania huko Montjuïc, mjini Barcelona, mabawa marefu ya motakaa mbili za Lotus yalivunjika mbioni, nazo zikagonga ua wa chuma kando ya njia. Madereva, Graham Hill na Jochen Rindt, waliokoka, huyu wa pili akiwa na majeraha. Mwaka ule ule mabawa marefu ya namna ile yakapigwa marufuku.

Lakini hapa pana tatizo, na ndilo lililotusumbua. Hakuna kitu duniani kisichopinda hata kidogo. Mti hupinda, na reli hupinda chini ya gari la moshi. Sheria ikiagiza bawa lisicheze kabisa, imeagiza neno lisilowezekana. Kwa hiyo FIA, chama kitawalacho mashindano hayo, huweka kipimo: bawa hutwikwa mzigo, motakaa ikiwa imesimama, kisha hutazamwa limeshuka kiasi gani. Mwaka 2010, watu walipoona katika picha mabawa ya timu fulani yakikaribia kugusa ardhi, mzigo uliongezwa kutoka kilo 50 hata kilo 100. Mwaka 2025, kuanzia mashindano ya Hispania ya tarehe 1 Juni, bawa la mbele likilemewa pande zote mbili liliruhusiwa kushuka milimita 10 tu badala ya 15. Wengi walitazamia kwamba timu ya McLaren, iliyokuwa ikiongoza, ingepungukiwa. Ikashika nafasi ya kwanza na ya pili siku ile ile. (Ndivyo yalivyo masengenyo, hata vijijini kwetu mtu mwenye mavuno mengi hudhaniwa ana dawa.)

Basi wako wasemao: kipimo ndicho sheria. Ukiniambia milimita 10, nami nikashuka milimita 9, umenidai nini tena? Neno hili lina nguvu, wala tusilidharau. Mtu hawezi kuhukumiwa kwa sheria iliyo moyoni mwa hakimu tu. Lakini sheria za mashindano hayo zimesema wazi kwamba FIA yaweza kuongeza kipimo kingine juu ya sehemu yo yote inayodhaniwa kucheza mbioni. Maana yake ni kwamba kila fundi aliambiwa mapema kuwa kipimo ni dirisha tu la kuchungulia nyumba, wala si nyumba yenyewe. Ajengaye akitazama dirisha peke yake ajua afanyalo.

Sisi wa mashamba twaijua debe iliyogongwa ndani ikatanuka. Ukiitazama ni debe kama nyingine. Mkulima akiijaza mahindi, amepunjwa. Nasi walimu tusijifanye wasafi. Tumepata kuwaketisha mbele watoto wepesi siku ya mkaguzi, na kuwafundisha majibu ya maswali tuliyodhani atauliza. Mkaguzi aliondoka ameridhika. Watoto wa nyuma walibaki hawajui kusoma, na hakuna sheria tuliyoivunja. Bwana wetu aliwakemea watu waliofanya sadaka kuwa kisingizio cha kutowatunza wazazi wao, nao walikuwa wameshika kanuni barabara.

Walakini si mambo yote ya jinsi hii yaliyo sawa. Mwaka 2014, huko Abu Dhabi, wasimamizi waliona kwamba vipande vya bawa la mbele la motakaa za Red Bull vimetengenezwa makusudi vipinde kwa upepo, kwa kamani iliyofichwa chini ya mpira. Sebastian Vettel na Daniel Ricciardo wakafutiwa nafasi zao, wakaanza nyuma ya wote. Hapa hatuoni shida: kuficha kwenyewe ni ushahidi. Mtu hafuniki kwa mpira jambo analoliona kuwa haki yake.

Shida iko katika habari ya mwaka 1981. Sheria ilitaka pawe na nafasi ya sentimita 6 chini ya motakaa, nayo ilipimwa imesimama. Gordon Murray, fundi wa timu ya Brabham, akatengeneza mtambo ulioiacha motakaa ikandamizwe na upepo hata ishuke karibu na ardhi, na iliporudi polepole iliinuka yenyewe, ikamfikia mpimaji na sentimita zake zote. Wenzake walilalamika sana, kisha wakaiga. Mwaka ule dereva wake, Nelson Piquet, alitwaa ubingwa wa dunia. Je, huyu alidanganya? Hakuficha, kila mwenye macho aliiona ikishuka.

Tena kwa mwaka 2026 kanuni mpya zimeruhusu mabawa ya mbele na ya nyuma yabadili mkao penye mnyoosho. Basi kucheza kwa bawa si uovu kwa asili yake. Ubaya ulikuwa katika kuvunja ahadi waliyoahidiana washindani wote, kwamba watashindana bila ya jambo hilo. Na ahadi ikibadilishwa kwa shauri la wote, ubaya umeondoka.

Tulimweleza yule kijana hivyo. Tukamwambia ajiulize kama fundi angekubali kuwaonyesha wenzake kazi yake usiku ule kabla ya mbio. Akafikiri, akasema, "Basi Murray amepona, maana wote waliona." Tukamjibu kwamba mpimaji naye aliona, akafungwa mikono na maneno ya sheria, na kumfunga mikono mlinzi si sawa na kumpendeza. Hakukubali. Mpaka leo hatujapatana naye juu ya jambo hilo, naye sasa ni fundi wa baiskeli hapa kijijini, na watu humpelekea kazi zao bila ya kusimama kumtazama.